Figo ya Tikyo, Tumbo la Salva

Mwaka ule Salva alipojinyima chakula ili amgawie mdogo wake figo, sisi wa sokoni tulizijua habari za tumbo lake kuliko tulivyozijua habari za mvua. Wala si kwa umbeya. Choo cha wanawake sokoni kwetu ni kimoja, kitasa chake kimelegea, na mtu akikaa humo mpaka foleni ifike kwa wauza dagaa, hata mwenye haya atauliza ni nani huyo na amekwama na nini.

Mimi ni Leonida, binamu yake. Miaka mingi tumeuza bachoy, supu yetu ya tambi, pamoja katika soko la La Paz, hapa mjini Iloilo. Mifupa inachemka tangu alfajiri, tambi zinatiwa bakulini, supu inamiminwa, halafu juu yake utumbo na maini ya nguruwe, kitunguu saumu kilichokaangwa kikakauka, na ngozi ya nguruwe inayovunjika mdomoni kama bisi. Mimi naosha utumbo na kuukata. Salva alikuwa mtu wa sufuria. Mfupi, mnene, mikono yake imejaa alama za mafuta ya moto, sauti yake inasikika mpaka kwa wachinjaji. Hakuolewa. Mama yao alipofariki, huyo mdogo wake, Tikyo, alikuwa bado anakojoa kitandani, na Salva ndiye aliyeanika yale magodoro. Kwa hiyo ukimwambia Tikyo ni mdogo wake, atakuitikia, lakini moyoni anajua ni mwanawe.

Tikyo alikua akawa fundi wa feni na redio. Mkewe yuko ng'ambo, anafanya kazi za ndani, anarudi Krismasi ikimruhusu. Basi presha ikamla Tikyo kimyakimya, kama mchwa, mpaka siku alipovimba uso na miguu. Hospitali wakasema figo zote mbili zimekufa. Akaanza kwenda kwenye mashine ya kusafisha damu. Anatoka huko amekunjamana, rangi ya majivu, analala mpaka kesho yake, anapata nafuu kidogo, na siku ya mashine imefika tena. Maji ya kunywa anapimiwa. Mtu anayeishi kwenye joto kama letu, kinywa kimekauka, anapewa kikombe kidogo na kuambiwa akifikishe jioni.

Salva akapimwa. Damu zikaoana. Siku hiyo alirudi sokoni akapiga sufuria kwa mwiko kama kengele ya kanisa.

"Zimekubali!" akasema. "Figo zangu ni nzuri kama za msichana. Daktari mwenyewe kasema."

"Na wewe mwenyewe?" nikamuuliza.

"Mimi kasema ni mnene mno. Nipungue kwanza ndiyo wanipasue. Polepole, halafu nirudi wanitazame."

Hilo neno "polepole" alilitamka mbele yangu kwa kinywa chake. Kesho yake alikuwa keshalisahau.

Akaacha wali. Sisi watu wa hapa ukiacha wali umeacha chakula, kingine chote ni kitoweo. Asubuhi akawa anakula yai la kuchemsha. Mchana hakula kitu. Jioni biskuti kavu, zile za kupewa mgonjwa. Supu alikuwa anaionja kwa ncha ya kijiko kisha anatema pembeni, na mimi kumwona mtu anatema supu yake mwenyewe kulinichosha kuliko kuosha utumbo. Mboga aliacha kwa kuwa mboga bila wali, alisema, ni kula majani kama mbuzi. Maji hakunywa kwa sababu aliyonayo kila mwanamke wa sokoni: ukinywa lazima uende, ukienda kuna foleni, na nani atakaa na sufuria?

Ilikuwa Kwaresima. Wateja walimwona anakonda wakadhani ni toba.

"Salva, umeamua kuwa mtakatifu?" mmoja akamtania.

"Mtakatifu gani anauza utumbo wa nguruwe siku ya Ijumaa?" akajibu, na watu wakacheka. Mwanzo ule alikuwa bado ana nguvu za kujibu.

Uzito ukashuka kweli. Lakini tumbo nalo likasimama. Zamani Salva alikuwa kama saa ya ukutani: kahawa yake ya kwanza, mkate mmoja, kisha anavua aproni na kuniambia "Shika hapa," na kabla supu haijachemka mara ya pili amerudi. Sasa kahawa ikanywewa, aproni haikuvuliwa. Siku ikapita, nyingine ikapita. Akaanza kwenda na kukaa. Nikawa nauza peke yangu, wateja wamejaa, mimi namwaga tambi nje ya bakuli, na huko chooni wanawake wanagonga mlango.

"We uliye ndani, unazaa?"

"Tuachieni na sisi, dada, dunia ni ya wote!"

Akitoka, uso umemvimba, jasho linamtiririka, macho mekundu.

"Umefanikiwa?" namuuliza chini kwa chini.

"Kama kijiwe cha mbuzi. Kimoja."

"Kunywa maji basi."

"Nitakunywa," anasema, na anashika mwiko.

Jumapili moja tulikwenda kumwona Tikyo. Anakaa nyuma ya karakana yake, chumba kimejaa feni zilizofunguliwa, mabawa yameegeshwa ukutani. Alikuwa amekaa kitandani anamumunya kipande cha barafu, maana barafu inadanganya kiu kuliko maji. Mshipa wa mkono wanaouchoma sindano umevimba kama kamba ya jahazi.

"Dada umekonda," akasema. Hakusema kwa furaha.

"Si ndiyo kazi niliyopewa."

"Unakula?"

"Nakula. Wewe je, tumbo lako?"

Tikyo akaanza kucheka, ule ucheko wa mtu aliyechoka, mabega yanatikisika bila sauti. "Tumbo langu! Dada, hawa watu wamenikataza maji. Wamenikataza ndizi, wamenikataza papai, maharage wamenikataza. Halafu kila nikifika mashineni yule nesi ananiuliza, 'Kaka, umepata choo?' Nikipate kwa kitu gani? Kwa sala?"

Salva akacheka mpaka akashika ubavu. Nilidhani atamwambia. Hapo ndipo pangekuwa mahali pake: ndugu wawili, wote wamefunga, mmoja kwa amri ya daktari na mwingine kwa amri yake mwenyewe. Lakini alifuta machozi akasema, "Maskini. Mimi kwa upande huo namshukuru Mungu."

Tukiwa njiani nikamuuliza kwa nini amemdanganya.

"Nikimwambia atamwambia nesi. Nesi atamwambia daktari. Daktari atasema, 'Huyu mama tumbo lake lina kasoro, tafuteni mwingine.' Mwingine yuko wapi, Leonida? Niambie."

Tukaendelea kutembea.

"Na kuna damu," akasema baadaye, kama mtu anayetaja kitu alichosahau sokoni. "Kidogo. Nikijikamua sana."

"Salva!"

"Kidogo nimesema. Usipige kelele barabarani."

Wazee husema mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi nilimwambia hivyo hivyo, naye akaniambia wazee hao hawakuwa na mdogo aliye kwenye mashine.

Aliyemletea majani ni Pasing, jirani yetu wa kibanda cha pili, anayeuza kahawa na viungo. Pasing hana roho mbaya. Alichoshwa na foleni kama wengine, akaona mwenzake anateseka, akatoa chini ya meza kipakiti cha chai ya kukondesha.

"Shoga, kunywa hii jioni. Asubuhi utakuwa mto."

Na kweli alikuwa mto. Kesho yake Salva alikwenda chooni mara ambazo sikutaka kuzihesabu, na kila aliporudi alikuwa anatabasamu, mweupe kama karatasi. "Nimekuwa mwepesi," akasema. "Leonida, naweza kuruka." Akapanda mizani ya mchinjaji, ile ya kupimia mapaja ya nguruwe, na akaona kilo zimepungua tena. Hakujua yale yalikuwa maji tu. Au alijua, hakujali. Akawa anakunywa chai ile kila jioni, na bila chai tumbo likawa halitikisiki kabisa, kama punda aliyezoea fimbo.

Kidogo kidogo akanyamaza. Mteja akimtania, anamtazama tu. Mwiko ukawa mzito mkononi mwake. Alikuwa anakaa kwenye gunia la chumvi kati ya sufuria moja na nyingine, midomo imepasuka, ananiuliza kitu nilichomjibu muda huo huo. Mguu ukawa unamkaza usiku. Nilikuwa namwambia apumzike, na yeye ananijibu kwamba atapumzika wakishampasua, maana hospitali kuna kitanda.

Alianguka saa za mchana, kibanda kimejaa. Alikuwa ameinama kutia chumvi. Nilisikia mwiko ukilia kwenye sakafu, nikageuka nikaona amekaa chini ameegemea meza, macho wazi, kama mtu anayefikiria jambo. Kisha akalala upande. Namshukuru Mungu hakuangukia sufuria. Wachinjaji wawili wakambeba, tukampakia kwenye bajaji, Pasing akabaki kibandani analia na kuuza.

Hospitali wakamtundikia maji. Yaliingia chupa moja, ya pili, na bado mkojo hakuna. Daktari aliyekuja ni yule yule aliyempima mwanzo, kijana mpole. Akasoma majibu ya damu, akayasoma tena, akavuta kiti.

"Bi Salva, figo zako zimeshtuka."

Salva alikuwa amefumba macho. Akayafumbua. "Zipi?"

"Zako. Zote mbili. Mwili umekauka, na chumvi za damu zimevurugika. Tunaamini zitarudi, umewahishwa. Lakini habari ya upasuaji tunaiweka kando kwanza. Siwezi kumtoa mtu figo wakati hizo alizonazo zinahangaika."

Nimemwona Salva kwenye mazishi ya mama yake. Nimemwona siku kibanda kilipoungua. Sijawahi kumwona analia vile alivyolia pale, bila machozi kutoka, maana hata ya kutoka hayakuwapo.

Siku ya pili akaja mtaalamu wa lishe, anaitwa Bi Ludivina, mama wa makamo mwenye sauti ndogo. Hakuja na ukali. Akakaa, akamuuliza Salva anakula nini.

"Nakula."

"Nini?"

"Yai."

"Na nini tena?"

"Biskuti."

"Maji?"

Salva akanitazama. Nikaona nikinyamaza leo nitamzika. Nikasema yote: yai, biskuti, supu ya kutema, kiu, choo kama kijiwe, damu, chai ya Pasing. Salva akageukia ukutani. Bi Ludivina akamshika mguu juu ya shuka.

"Dada yangu, hebu nikuulize. Ukitia tambi nusu kwenye bakuli, utapata bakuli zima?"

"Hapana," Salva akajibu ukutani.

"Na choo ni hivyo hivyo. Kinatokana na ulichokula. Ukipunguza chakula, nacho kinapungua. Aliyekuwa anakwenda kila asubuhi anaweza kuanza kuruka siku, na huo si ugonjwa, wala daktari asingekukataa kwa hilo. Tumbo halina cha kusukuma. Lakini likiwa gumu, likauma, hapo ujue umelinyima vitu vyake. Mboga umeacha, matunda umeacha, maji hunywi, mafuta hata tone. Na unakaa muda gani hapo kwenye sufuria bila kutembea?"

"Siku nzima."

"Ndiyo hivyo. Na ile chai inaupiga utumbo kiboko. Utumbo unakimbia, unatoka na maji na chumvi za mwili mzima. Figo zinaishi kwa maji. Hiyo damu daktari ataitazama leo. Usimfiche, umenisikia?"

Daktari akaitazama. Ulikuwa mchubuko tu, wa kujikamua. Salva aliposikia akasema neno ambalo sitaliandika, akaomba radhi kwa watawa waliokuja kumwona mgonjwa wa kitanda cha jirani.

Tikyo alikuja kesho yake, ametoka kwenye mashine ghorofa ya chini, bandeji mkononi. Alipanda ngazi kwa kushika ukuta, akasimama kwenye kitanda cha Salva anahema. Nilimpa kiti, akakataa.

"Nani alikuambia ufanye hivi?"

"Kaa chini kwanza, Tikyo."

"Sikai. Nani alikuambia? Mimi nilikuomba? Nilikuja kibandani kwako nikasema dada acha kula?"

"Ulikuwa unakufa."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini? Hii nyumba inataka makaburi mawili?" Sauti ilimkatika. Alikuwa hana pumzi ya kugomba, na hiyo ilimuuma zaidi. "Ulikaa pale chumbani kwangu ukacheka. Nikakueleza habari za tumbo langu kama mpumbavu, na wewe ukaniambia unamshukuru Mungu."

"Ningekuambiaje?"

"Kwa mdomo! Kama watu!" Akafuta uso kwa bandeji. "Sasa sikia. Sitaki kitu chako. Figo yako kaa nayo. Nitakaa na mashine yangu mpaka tuchokane."

Akaondoka, akashuka ngazi moja moja, na sisi tulikuwa tunazisikia nyayo zake muda mrefu.

Salva akaruhusiwa. Figo zikarudi taratibu, kila kipimo kina nafuu kuliko kile cha nyuma. Sokoni akarudi pia, amekaa zaidi ya kusimama. Maji akawa anakunywa, kwa kuwa nilimwekea chupa na kumsimamia. Lakini chakula kilikataa kuingia. Si kwa kujinyima tena. Alikuwa anakaa na sahani mbele yake, anageuza kijiko, kisha anamsukumia paka. Tumbo likaendelea kuwa zito, safari hii bila chai. Chooni akawa haendi kujikamua. "Litakuja likitaka," alisema, kama anayezungumzia basi la kijijini.

Tikyo hakupiga simu. Salva naye hakupiga. Siku za mashine anatazama saa ya ukutani, anajua sasa wamemchoma sindano, sasa wanamtoa, sasa yuko nje anasubiri bajaji. Mimi nilikuwa katikati, napeleka habari ambazo hakuna aliyezituma.

"Anakula?" Tikyo ananiuliza.

"Hali."

"Mwambie..." Halafu anashika bisibisi.

Kwaresima ikaisha, Pasaka ikapita, joto likafika pale ambapo hata nzi wanatembea kwa miguu. Siku moja, wateja wa mchana wamepungua, nikamwona Tikyo anakuja katikati ya mabucha. Amevaa kofia, ameshika mfuko wa plastiki wenye mabakuli ya kufunika. Watu walimpisha njia. Akafika, akakaa kwenye benchi ya wateja, akavua kofia.

Salva hakugeuka. "Hapa hakuna unachoweza kula," akasema. "Supu ina chumvi."

"Sikuja kula. Njoo ukae."

"Nina kazi."

"Leonida yupo. Kaa, dada. Siwezi kusimama muda mrefu na wewe huwezi, tusitaabishane."

Akakaa. Tikyo akafungua mabakuli moja moja. Alikuwa amepika mwenyewe, na Tikyo si mtu wa jikoni. Mchuzi mwepesi wa maboga, bamia, mlonge na kunde mbichi. Samaki wa kukaanga, ameungua upande mmoja. Wali kidogo, kama ngumi ya mtoto. Papai lililokatwa hovyo.

"Yule mama wa lishe nilimuuliza," akasema. "Amenieleza mtu wa umbo lako ale kiasi gani akitaka kupungua bila kufa. Ni hiki. Kula nikuone."

"Tikyo..."

"Mimi nakatazwa nusu ya hivi vitu. Bamia naziota. Wewe hakuna aliyekukataza. Kula."

Salva akashika kijiko. Alikula kijiko cha kwanza akakaa nacho mdomoni. Cha pili kikamshinda, akaweka kijiko chini, akafunika uso kwa aproni. Tikyo hakumgusa. Alingoja tu. Wachinjaji wakajifanya wananoa visu.

"Nimechoka," Salva akasema ndani ya aproni. "Tikyo mdogo wangu, mimi nimechoka sana."

"Najua."

"Hujui. Nimechoka tangu zamani. Nilidhani nikikupa hii figo nitapumzika. Nitasema basi, nimemaliza kumlea."

Tikyo akatazama mikono yake. "Na mimi nimechoka kulelewa," akasema. "Lakini tufanyeje? Kula, wali unapoa."

Nilidhani neno hilo litamuumiza. Badala yake Salva akatoa uso kwenye aproni, pua inamtoka kamasi, akaanza kucheka. Akala. Polepole, kama bibi kizee asiye na meno, akamaliza mchuzi, akamaliza papai, samaki akambakishia paka ule upande ulioungua. Tikyo alimfuata kijiko kwa macho mpaka mwisho, na koo lake lilikuwa linapanda na kushuka kama anayemeza yeye.

"Figo bado unaitaka?" Salva akamuuliza.

"Naitaka. Nilisema uongo. Lakini ukila."

Hivyo ndivyo walivyopatana.

Asubuhi chache baada ya hapo, Salva akavua aproni, akanipa. Nikashika mwiko. Aliporudi, mwanamke aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni alikuwa bado hajamaliza kutafuta tishu kwenye mkoba. Pasing akachungulia.

"Vipi?"

"Mambo ya mtu na tumbo lake yanakuhusu nini?" Salva akamjibu. Kisha akaongeza, "Vizuri."

Msiseme kuwa tangu hapo mambo yalinyooka. Tumbo halikurudi kuwa saa ya ukutani. Lilikwenda leo, likaruka kesho, na Salva ilibidi ajifunze kutolihofia likiruka. Uzito ulishuka polepole mno, wiki nyingine haukushuka kabisa, na aligombana na mizani kama mtu. Ikafika mahali ukakataa kusogea, na ulikuwa bado haujafika walipotaka. Alikwenda hospitali siku hiyo amejiandaa kukataliwa. Daktari kijana akakaa na wenzake, wakatazama figo zake, wakatazama moyo, wakasema inatosha, asipungue tena, abaki hapo hapo.

Walipasuliwa mvua zilipokwisha kukolea, siku moja, vyumba viwili vilivyotazamana. Mkewe Tikyo alikuwa amepewa ruhusa ya kuja, tulikaa naye kwenye benchi hatuna la kuambiana.

Salva alizinduka akiwa na maumivu, na kitu cha kwanza nesi alichomuuliza ni kama amejamba. Ndivyo wanavyofanya; dawa za usingizi zinalaza matumbo, na mpaka upepo utoke hawakupi kitu cha maana cha kula. Kila nesi aliyeingia aliuliza hilo hilo. Salva alikuwa hana nguvu hata za kuona haya. Siku ulipotoka, mgonjwa wa kitanda cha pili ndiye aliyewaita manesi.

Tikyo yeye alilazwa mahali pengine, haturuhusiwi kuingia. Mkewe alikwenda akavalishwa barakoa, akarudi anatembea kama amelewa. Akainama kwenye sikio la Salva.

"Dada, anakojoa. Mfuko umejaa. Wameubadilisha, umejaa tena. Anautazama tu, analia."

Salva akafumba macho. "Mwambie anywe maji," akasema, na usingizi ukamchukua.

Sasa ni mwaka na zaidi. Figo inafanya kazi, dawa Tikyo anameza kila siku na atameza maisha yake yote. Salva alirudi sokoni nusu siku, kisha akaona nusu siku inamtosha. Kilo kadhaa zimemrudia, hakuzikasirikia. Akiinama kovu linamvuta. Uchovu haukuisha kama alivyotarajia. Aliniambia alidhani ni mzigo, kumbe ni umri.

Mchana, kazi ikiisha, siku hizi anakwenda karakanani kwa Tikyo. Juzi nilimpitia, nikamkuta amelala kwenye kiti cha kamba, mdomo wazi, feni tatu zinampulizia kutoka pande tatu. Mteja mmoja alikuwa mlangoni anadai feni yake.

"Si uliniambia imepona?"

"Imepona, kaka," Tikyo akamwambia kwa kunong'ona. "Lakini iko kazini. Njoo kesho."